Msaada Unaoficha Kosa

Katika maabara za kompyuta za vyuo vyetu kuna aina moja ya ukarimu ninayotaka kuipinga. Mwanafunzi amekwama, ulizo lake la hifadhidata linaleta hesabu zisizoeleweka. Mwenzake anayejua zaidi anamwondoa kwenye kiti, anabonyezabonyeza kwa dakika mbili, kisha anasema, "Haya, imekubali." Aliyesaidiwa anashukuru, aliyesaidia anasifiwa, na hakuna aliyeuliza kosa lilikuwa nini. Nasema wazi kwamba huo si msaada. Ni kuliondoa kosa mahali linapoonekana na kulipeleka mahali lisipoonekana.

Tuchukue mfano wa ada. Hifadhidata ina jedwali la wanafunzi, la malipo na la kozi. Mwanafunzi amelipa mara mbili, shilingi 600,000 na shilingi 400,000, naye amesajili kozi 5. Mwandishi wa ulizo anaunganisha majedwali yote matatu kwa JOIN, kisha anajumlisha malipo. Anatarajia 1,000,000, anapata 5,000,000. Kompyuta haijakosea. Kila malipo yameunganishwa na kila kozi, mistari 2 imekuwa 10, na kila shilingi imehesabiwa mara 5.

Hapo ndipo mkarimu wetu anapoingia. Anaona namba zinajirudia, anachomeka neno DISTINCT ndani ya SUM, na jumla inarudi kuwa 1,000,000. Kila mtu anafurahi. Lakini DISTINCT haijui malipo ni nini. Inachojua ni kuondoa thamani zinazofanana. Mwanafunzi mwingine aliyelipa 500,000 mwezi wa pili na 500,000 nyingine mwezi wa nne atahesabiwa 500,000 tu. Mfumo utamwita mdaiwa ilhali risiti zote mbili anazo mfukoni. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa ni vibaya zaidi, kwa sababu anayeumbuka si yule aliyeficha.

Hatari inakua ulizo hilo likiwekwa ndani ya prosija iliyohifadhiwa. Prosija ni maagizo yaliyopewa jina na kutunzwa ndani ya hifadhidata yenyewe, ili programu yoyote iyaite bila kuyaandika upya. Ndiyo faida yake, na ndiyo hatari yake. Karani anabonyeza kitufe na kupata orodha ya wadaiwa. Haoni kilichomo ndani. Msimamizi wa mtihani anapokea orodha ile ile na kumzuia mtu mlangoni. Neno moja lililochomekwa kwa haraka sasa linazungumza kwa sauti ya ofisi nzima.

Najua nitakavyojibiwa. Kazi inatakiwa kesho asubuhi, nani ana muda wa kufundisha? Tena, wanaoomba msaada wenyewe wanataka jibu, hawataki somo. Hoja ya muda ina uzito, lakini tuipime. Dawa sahihi ya mfano wetu ni kujumlisha kwanza malipo ya kila mwanafunzi peke yake, ndipo matokeo yaunganishwe na majedwali mengine. Haichukui saa nzima kuiandika. Kinachochukua muda ni kutambua kwamba mistari iliongezeka, na hilo linatambulika kwa kuihesabu kabla na baada ya kila JOIN. Anayeonyeshwa njia hiyo mara moja hatarudi kesho na kosa lile lile. Anayepewa DISTINCT atarudi, tena ataichomeka kila mahali kama chumvi.

Kwa hiyo msaidizi wa kweli huanza kwa maswali. Majedwali yako yana safu zipi? Ulitarajia matokeo gani, umepata yapi? Kuna NULL ndani yake? Swali hili la mwisho si la kubabaisha. Ukitafuta wasiolipa kwa NOT IN, na namba moja tu ya usajili katika jedwali la malipo ikawa NULL, orodha itarudi tupu kana kwamba hakuna anayedaiwa. Ikiwa ni prosija, aifungue, ayaendeshe maulizo yaliyomo moja baada ya jingine, na ayapime kwa mwanafunzi ambaye malipo yake yanajulikana. Ikiwa inabadilisha data, aanze muamala, atazame matokeo, na awe tayari kurudisha nyuma kwa ROLLBACK.

Muombaji naye ana wajibu. Kusema "haifanyi kazi" na kunyamaza ni kumfanya mwenzako mpiga ramli. Leta ujumbe wa kosa kama ulivyo, leta muundo wa majedwali, leta mistari michache ya mfano isiyobeba majina wala namba za watu halisi.

Sisemi tusisaidiane, bila kusaidiana wengi wetu tusingemaliza hata mwaka wa kwanza. Nasema tubadilishe kipimo cha msaada. Tusihesabu ni maulizo mangapi tumewaandikia wenzetu. Tuulize kama yule tuliyemsaidia anaweza, siku inayofuata, kumweleza mtu wa tatu kwa maneno yake mwenyewe kosa lilitoka wapi na kwa nini sasa halipo. Akishindwa, kazi yetu haijaisha, hata kama kwenye skrini hesabu imekaa sawa.