Zimwi Halipo, Maiti Ipo



Wapendwa taifa la Mungu, katika Injili ya Mathayo (14:22-33) mitume wamo chomboni usiku, upepo ni wa mbisho, mawimbi yanawasukasuka. Wanamwona mtu akija juu ya maji, nao wanapiga yowe kwamba ni mzuka. Kumbe ni Bwana! Hofu iliwafanya wamtazame Mwokozi na kuona zimwi. Juma hili tunataka kusema bila kuficha: hofu ya namna hiyo huua watu.

Tukumbuke mwaka 1995. Uvumi wa Popobawa, kiumbe anayesemekana kuwa na mbawa za popo na kuwashambulia watu vitandani, ulianzia Pemba, ukavuka hadi Unguja, ukafika Dar es Salaam. Watu walihama vyumba vyao wakalala nje, wakiuzunguka moto hadi alfajiri. Mjini Unguja, kundi la watu lilimuua mgonjwa wa akili likidai kuwa ndiye Popobawa. Mbawa hazikuonekana. Ulionekana mwili wa binadamu, aliyeumbwa kwa sura na mfano wa Mungu. Mwaka 2017 ikawa zamu ya Malawi: uvumi wa wanyonya damu ulisababisha watu kuuawa na makundi yenye hasira.

Wapo watakaotujibu: “Padre, hizo ni mila zetu, msizidharau.” Hatuzidharau hata kidogo. Bibi zetu walitusimulia habari za zimwi kando ya moto; walisema “Paukwa!” nasi tukaitika “Pakawa!” Zimwi lile lilimeza kijiji kizima, lakini mwishoni lilipasuliwa tumbo na waliomezwa wakatoka wazima. Hadithi iliisha, tukalala. Hakuna bibi aliyetutuma na panga kwa jirani. Anayelitoa zimwi hadithini na kulibandika usoni pa mtu haendelezi mila, anainajisi.

Wengine watasema: “Lakini shetani yupo.” Naam, yupo, na Kanisa lafundisha hivyo. Ndiyo maana Sheria ya Kanisa, Kanuni 1172, inakataza mtu yeyote kumpunga pepo aliyepagawa bila kibali maalumu cha Askofu wa mahali, nacho hupewa padre mwenye uchaji, elimu, busara na unyofu wa maisha. Ikiwa padre mwenyewe haruhusiwi kujiamulia, kundi la mtaani limepewa panga na nani?

Nasi wahubiri tusijitakase. Mahubiri yanayotaja mapepo mara ishirini na Kristo mara moja yanalinenepesha zimwi. Hofu ni mtaji, na wapo wanaoula, kwa tunguri au kwa Biblia mkononi.

Wahenga walinena: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Zimwi linalotujua vema ni hofu yetu. Sisi hutubakiza, humla mgonjwa, mgeni na bibi kizee asiye na mtetezi.

Basi, wapendwa, uvumi ukiingia mtaani, jumuiya isianze kumtafuta mchawi. Imtafute kwanza yule anayenyooshewa kidole, imzunguke kumlinda, iwaite viongozi wa mtaa na polisi. Tumwombe Bwana atutulize kama alivyowatuliza mitume, tusije tukamuua ndugu tuliyedhani ni mzuka, kisha kukapambazuka tukaiona sura yake.

Amina.