Injini Inayomisi Alfajiri
Baridi ya alfajiri ya Tarime huumbua injini: gari huwaka likitetemeka, likamisi dakika chache, kisha likatulia. Likifika gereji Mugumu mchana, injini ikiwa imeshapata moto, fundi hasikii kitu, basi anakisia na kubadilisha plagi zote. Hapo mwenye gari analipia bahati nasibu. Tudai vipimo kwanza. Gari lilale gereji, liwashwe likiwa baridi. Kwa injini yenye koili kila silinda, hamisha koili ya silinda inayomisi uipeleke kwenye silinda jirani. Ubovu ukihama nayo, mmemkamata mkosaji. Usipohama, kagua plagi, kisha nozeli. Maji ya rejeta yakipungua na moshi mweupe wenye harufu tamu ukitoka, shuku gasketi ya hedi. Fundi anayepima ndiye anayestahili kulipwa.