Siku ngapi hadi majibu?

Wadau, leo hesabu kidogo. Mama akipimwa mlango wa kizazi kwa siki, anaambiwa majibu papo hapo. Kipimo cha HPV, ambacho Shirika la Afya Duniani linakipendekeza zaidi tangu 2021, kwa kawaida hupitia maabara. Kusubiri huanza hapo.

Tangu 2011 Kenya hukusanya takwimu za afya nchi nzima kwa DHIS2, programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo. Jumla ya waliopimwa ni rahisi kupata. Muda wa kusubiri unahitaji tarehe mbili kwa kila mtu: alipotoa sampuli na alipoambiwa majibu. Sio alipotumiwa SMS! Huku Busia na Malaba mtu ana laini ya Kenya na ya Uganda, na ujumbe hulala kwenye ile iliyozimwa.

Tena wastani hudanganya. Ukihesabu waliopata majibu pekee, anayesubiri hadi leo haonekani kabisa. Mimi ningeanza na orodha ya waliopitisha siku 30 bila majibu, muuguzi awatafute. Mabadiliko ya awali ya seli yakitibiwa mapema, saratani hii huzuilika.

Mnaonaje?