Mgonjwa wa mgongo naye ahesabiwe mionzi yake

Pickering, nchini Kanada, ni mji unaoijua mionzi kwa sheria na kwa mazoea. Kituo cha nyuklia kilichoanza kuzalisha umeme mwaka 1971 kando ya Ziwa Ontario kimewazoesha wakazi kudai hesabu. Mfanyakazi wa kituo haruhusiwi kupokea dozi ya mionzi inayozidi milisiveti 50 kwa mwaka wala 100 kwa miaka mitano. Mwananchi wa kawaida ukomo wake ni milisiveti 1 kwa mwaka. Na mwaka 2015 kaya zilizo ndani ya kilomita 10 zilipelekewa vidonge vya iodini hadi mlangoni. Tahadhari kuhusu kituo hicho iliyotumwa kimakosa kwenye simu za watu asubuhi ya Januari 12, 2020 iliitia serikali ya jimbo la Ontario kwenye kiti cha kujieleza, na ilistahili kuketi hapo.

Mkazi huyohuyo akilazwa kifudifudi juu ya meza ya upasuaji wa mgongo, hakuna hata mmoja wa ukomo huo unaomhusu. Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi, ICRP, haikumwekea mgonjwa kiwango cha juu, na sababu yake ni nzito: mionzi inayomtibu mtu haihesabiwi sawa na ile inayompata bila faida. Badala ya ukomo yamewekwa masharti kwamba kila picha iwe na sababu, na dozi isizidi ile ambayo kazi inaihitaji. Gazeti hili halina ugomvi na msimamo huo. Lakini pale sheria ilipoacha kuweka mpaka, wajibu wa mwenye kushika mashine huongezeka, haupungui.

Madaktari wa upasuaji wana hoja yao, na ni ya haki. Skrubu inayopigwa kwenye pingili ya uti wa mgongo hupita milimita chache tu kutoka kwenye mishipa ya fahamu, na picha yenye ukungu inaweza kumwachia mgonjwa ganzi ya mguu au kupooza. Skrubu iliyokaa vibaya humrudisha mezani, apasuliwe tena na kupigwa eksirei tena. Anayedai dozi ipunguzwe bila kujali picha inaonyesha nini hamtetei mgonjwa.

Hata hivyo, picha ya kutosha na picha ya kupendeza ni vitu viwili tofauti. Mfupa huonekana vizuri hata kwa dozi ndogo, kwa hiyo CT scan ya kukagua skrubu wakati wa upasuaji haina haja ya nguvu ileile inayotumika kutafuta uvimbe kwenye ini. Mashine ya eksirei yenye mkono wa umbo la herufi C inaweza kurusha mionzi kwa vipigo vya vipindi badala ya mfululizo, na hubakiza picha ya mwisho kwenye kioo ili daktari aitazame huku mguu wake ukiwa nje ya kanyagio la kurushia mionzi. Bomba la mionzi likikaa chini ya meza na kipokezi kikisogezwa karibu na mwili, dozi ya mgonjwa hupungua, na mionzi inayotawanyika kuelekea macho na koo za waliosimama hupungua pia. Anayesogea kutoka mita moja hadi mbili hubaki na takriban robo ya mionzi. Haya hayahitaji fedha. Yanahitaji mtaalamu wa mionzi anayesikilizwa ndani ya theata, na daktari bingwa asiyeona aibu kuambiwa aondoe mguu.

Kuna mashine za kisasa ambazo wahudumu hutoka chumbani zinapomzunguka mgonjwa kumpiga picha, wakabaki salama. Ni jambo jema. Lakini zikitumiwa kwa mazoea zinaweza kuuhamishia mzigo mtu pekee asiyeweza kutoka, naye amelala usingizi wa dawa.

Kupuuza dozi ndogondogo kulishagharimu maisha. Nchini Marekani walifuatiliwa wanawake zaidi ya 5,000 ambao walipigwa eksirei za mara kwa mara tangu utotoni au ujanani kwa sababu uti wao wa mgongo ulikuwa umepinda. Kwa wastani kila mmoja alipigwa takriban 25. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2000 yalionyesha kwamba vifo vyao vya saratani ya matiti vilizidi kwa takriban asilimia 70 vile vilivyotarajiwa. Hakuna picha moja iliyowaua. Walioagiza kila picha walikuwa na sababu njema, na hakuna aliyejumlisha. Leo msichana wa aina hiyo hupigwa picha kwa nyuma, matiti yakiwa mbali na chanzo cha mionzi, badiliko dogo ambalo lingeweza kufanywa miaka mingi kabla.

Kanada imekuwa ikitunza daftari la taifa la dozi za wafanyakazi tangu mwaka 1951. Mgonjwa hana daftari kama hilo. Sheria ya Ontario ya kinga ya mionzi hospitalini inataka kila kituo kiwe na ofisa wa kinga, nalo ni takwa zuri, lakini misingi yake iliwekwa zama za filamu. Wizara ya afya ya jimbo haina udhuru wa kuendelea kuchelewesha kuirekebisha. Wajibu huo hauishii Ontario. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, nayo hupasua migongo Dar es Salaam, na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania hukagua mashine na kupima beji za wahudumu. Mgonjwa asibaki nje ya hesabu hiyo.

Mashine ya kisasa huonyesha jumla ya dozi kwenye kioo upasuaji unapomalizika. Namba hiyo iandikwe kwenye jalada kwa amri ya sheria, mgonjwa asomewe akishaamka, na hospitali ambayo namba zake hupita za wenzake kwa upasuaji uleule iitwe ijieleze mbele ya wizara.