Heri Kuchekwa Barazani

Watu wengi husema ya kuwa mtu ashikaye safari ndefu kwa baiskeli, naye yu peke yake, hahitaji ila miguu yenye nguvu na moyo usioogopa. Maneno hayo yana kweli ndani yake, lakini si kweli yote. Katika pori la Ugalla, miguu na moyo pasipo matengenezo huweza kumfikisha mtu mahali asipoweza kurudi.

Pori hilo liko upande wa kaskazini na mashariki ya Mpanda, katika nchi ya miombo, ambamo mto Ugalla hupita ukienda kuungana na Malagarasi. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa magharibi ya Tanganyika kwa sababu ya ugonjwa wa malale, ikawakusanya mahali pamoja. Na miti ikazidi kuitawala nchi. Mwaka 2019 sehemu ya pori ilifanywa hifadhi ya taifa, wala haiingiliwi pasipo ruhusa. Basi msafiri aweza kwenda mwendo mrefu asione moshi wa nyumba.

Wako wanaomtaja Thomas Stevens, aliyeizunguka dunia kwa baiskeli tangu mwaka 1884 hata 1886. Yeye alichukua soksi, shati la akiba, bastola, na koti la mvua ambalo usiku lilikuwa hema lake. Husema, "Ikiwa huyo alichukua machache hivyo, mbona wengine wajitaabishe?" Hawaoni ya kuwa Stevens mara nyingi alipita katika nchi zenye watu, akapata kwao chakula na malazi. Mzigo wa msafiri haupimwi kwa mzigo wa mwenziwe. Hupimwa kwa nchi aiendayo.

Na atazamwe mrina asali wa Inyonga. Yeye amekulia kando ya pori, naye ajua miti na maji. Hata hivyo haendi mikono mitupu. Hufunga juu ya baiskeli yake unga, chumvi, sufuria na shoka, na mara nyingi hufuatana na wenziwe. Ikiwa mwenyeji hujitengeneza hivyo, mgeni je?

Jambo la kwanza ni maji. Wakati wa kiangazi mto Ugalla hupungua, ukabaki mabwawa, na humo hukusanyika viboko na mamba. Kwa hiyo yampasa msafiri kuwauliza wenyeji maji yapo wapi mwezi huo, na kuyachemsha kabla ya kuyanywa. Tena ajiwekee sheria: nusu ya maji yake ikiisha naye hajafika kwenye maji mengine, na arudi. Sheria hiyo iwekwe nyumbani, maana kiu si mwamuzi mwenye haki.

Jambo la pili ni baiskeli yenyewe. Viraka, gundi, bomba, spana na mpira wa ndani wa akiba havifai kitu mikononi mwa mtu asiyejua kuvitumia. Afadhali apakie mzigo wote, aendeshe siku mbili karibu na kwao. Nati iliyolegea itajulikana huko, penye fundi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

La tatu ni mavazi. Mbung'o hufuata kitu kinachokwenda, nao huvutwa na rangi nyeusi na buluu. Nguo nzito za rangi ya kaki ni ngao njema kuliko majivuno.

Lakini lililo kubwa kuliko yote halina uzito, wala halifungwi kwa kamba. Ni habari iachwayo nyumbani: njia atakayoshika, siku atakayofika, na mtu atakayeanza kumtafuta asipofika. Simu ya mkononi haisemi mahali pasipo mnara. Aendaye peke yake ndiye awahitajiye watu kuliko aendaye na wenziwe, maana akianguka hakuna wa kupeleka habari.

Huenda wengine wakamcheka arudiye nusu ya njia. Na wacheke. Atakwenda tena mwaka ujao, akiijua njia zaidi. Heri kuchekwa barazani kuliko kutafutwa porini.