Kitabu cha Adhabu

Penye walimu wastaafu wawili watatu, hukosi kusikia lawama hii: watoto wa siku hizi hawana utu. Hawampishi mzee kitini, na mwenzao akianguka wao hucheka. Ndugu msomaji, nimeongoza shule, kisha nikafundisha walimu chuoni, nami nasema lawama hiyo tunaipeleka siko. Utu huo tuliwafundisha lini?

Nianze kwa kujisema mwenyewe. Katika miaka ya themanini nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kando ya Ziwa Victoria. Darasa la sita alikuwamo mvulana aliyesinzia darasani. Nilimchapa. Akasinzia tena, nikamchapa tena, na kila mara niliandika kitabuni: jina, kosa, idadi ya viboko, sahihi yangu. Siku moja, nikijiandaa kumpokea mkaguzi, nilikipitia kitabu kile. Nikaona tarehe za kijana yule hukatika kila mwezi kwa juma moja hivi, kisha huanza upya. Nilipohesabu, kimya kile kiliangukia siku za mbalamwezi, wakati wavuvi wa dagaa wanapopumzika kwa kuwa karabai zao hazivuti samaki. Nilimwita, nikamwuliza swali nililopaswa kumwuliza siku ya kwanza. Baba yake alikuwa amefariki, na nafasi ya baba mtumbwini ameishika yeye.

Kitabu changu kilikuwa na safu ya kosa na safu ya viboko. Safu ya sababu haikuwamo. Na wenzake waliokuwa wakitazama walijifunza nini? Kwamba aliyechoka hupigwa, na mwenye nguvu hana haja ya kuuliza. Kisha tunashangaa wakikua hawaulizi!

Najua nitakavyojibiwa. "Hata sisi tulichapwa, tukawa watu." Naam, tukawa watu, na tukawa wachapaji pia. Wengine watasema samaki mkunje angali mbichi. Sawa, lakini samaki mbichi hukunjwa kwa mkono. Ukimpiga kwa fimbo hakunjiki, hupondeka. Wengine watakimbilia sheria. Ni kweli kwamba kanuni za mwaka 2002 za Tanzania Bara zinaruhusu viboko visivyozidi vinne. Lakini kanuni hizo hizo zinataka adhabu ipimwe kwa uzito wa kosa, umri, jinsia na afya ya mtoto. Utaipimaje afya ya mtoto ambaye hujamwuliza kama usiku alilala? Jirani zetu wa Kenya walipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Sisi bado tunahesabu vinne.

Sisemi mtoto aachwe afanye apendavyo. Huruma si kulegea. Kosa laweza kubaki kosa hata sababu yake ikijulikana, na mtoto akaonywa na kupewa kazi ya kulirekebisha. Lakini adhabu itolewayo bila kuuliza si malezi. Ni uvivu wa mwalimu.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwalimu hawezi kulalia vitanda vya watoto wote, ila kuuliza anaweza. Kwa hiyo, mwalimu kijana unayesoma haya, kabla hujaagiza fimbo, chukua rula uchore safu ya tatu katika kitabu chako. Ukiona huna la kuandika humo, basi bado hujastahili kuijaza ile ya viboko.