Mgonjwa wa mlimani asisubiri ukungu uondoke

Ukiwa Korogwe mjini mwezi Julai, asubuhi unajitupia kanga begani na ikifika saa nne umeshaivua. Panda siku hiyohiyo kwenda Vugiri, Bungu, Dindira au Lutindi, utakuta watoto wanakwenda shule na masweta, midomo imepasuka, na ukungu umelala juu ya migomba kama hauna haraka ya kuondoka. Mji uko karibu na Mto Pangani, chini kabisa ya Milima ya Usambara. Vijiji hivyo viko mamia ya mita juu yake. Kwa kawaida kila ukipanda mita 1,000 hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6, ndiyo maana wilaya moja ina majira mawili kwa wakati mmoja.

Leo, ndugu msomaji, nataka tuzungumze na wazazi na wagonjwa wanaoishi huko juu. Mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, huiacha barabara na makorongo na utelezi. Mara hufuata kipupwe, Juni hadi Agosti, na baridi yake. Kikohozi kinakuja wakati njia ya kwenda hospitali ni mbovu. Mambo hayo mawili tumezoea kuyatazama mbalimbali: kikohozi tunamwachia daktari, barabara tunamwachia mhandisi. Kwa mtoto anayehema haraka saa mbili usiku, ni jambo moja.

Saa zinazopotea nyumbani

Mfikirie mama mmoja wa kijiji cha mlimani. Mtoto wake wa miezi minane ameanza kukohoa jana. Leo saa tisa alasiri anahema kwa haraka na hataki kunyonya vizuri. Mama anatazama nje: manyunyu, ukungu, udongo mwekundu unateleza kama sabuni. Bibi wa mtoto anasema, "Mwache alale, kesho kukicha tutaona." Saa nne usiku mtoto anakoroma, kifua kinabonyea. Sasa hakuna bodaboda anayekubali kushuka, na gari la karibu liko kijiji cha pili.

Mama huyu si mzembe. Alipiga hesabu ya barabara, akaona afadhali asubiri. Kosa liko kwenye hesabu yenyewe. Barabara ikiwa mbaya saa tisa mchana, saa nne usiku itakuwa mbaya zaidi, na mgonjwa naye atakuwa mbaya zaidi. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mlimani ni hii: kadiri njia inavyokuwa mbovu, ndivyo unavyopaswa kuondoka mapema. Mtu wa mjini anaweza kusubiri saa tatu akaona hali. Wewe huna saa hizo tatu. Zimeshaliwa na kilima.

Hesabu pumzi za mtoto

Nimonia haigunduliwi kwa kushika paji la uso. Inaanza kutambuliwa kwa kuhesabu pumzi, na mzazi yeyote mwenye simu yenye saa anaweza kufanya hivyo. Mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi. Mfunue kifua, hesabu kila kifua au tumbo linapopanda, kwa dakika moja nzima.

Mtoto aliye chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60 au zaidi kwa dakika, hiyo ni haraka mno. Wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, kipimo ni 50 au zaidi. Wa mwaka 1 hadi miaka 5, ni 40 au zaidi. Ukipata idadi hizo kwa mtoto anayekohoa, nenda zahanati siku hiyohiyo.

Kuna dalili ambazo hazihitaji hata kuhesabu. Sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani mtoto anapovuta hewa. Anatoa sauti ya kukoroma akiwa ametulia. Hawezi kunyonya wala kunywa. Anatapika kila kitu. Amepata degedege. Amelegea au haamki vizuri. Midomo imekuwa ya bluu. Ukiona hata moja, ondoka sasa hivi. Kichanga chenye umri wa chini ya miezi 2 chenye homa, chenye mwili wa baridi au kilichoacha kunyonya nacho kisilale nyumbani.

Nimonia ya bakteria ina dawa, na kwa watoto wengi dawa hiyo ni amoksilini ya kuyeyusha kwenye maji inayotolewa hata zahanati. Lakini usinunue vidonge viwili vitatu dukani ukakisia dozi. Mafua ya kawaida hayaponi kwa antibiotiki, na nimonia haiponi kwa nusu dozi. Naomba pia tuache kabisa kuwapeleka watoto kukatwa kimeo kwa sababu wanakohoa. Kimeo si chanzo cha kikohozi, na watoto hutoka damu nyingi au hupata maambukizi kwa wembe ule.

Kinga yenyewe iko kwenye kadi ya kliniki. Chanjo ya nimonia ya watoto imekuwa katika ratiba ya taifa tangu 2013, na hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Kama tarehe ya chanjo iliangukia siku ya mvua ukaahirisha, hujachelewa. Nenda siku ya kwanza njia itakapokauka.

Si kila homa ya baridi ni malaria, wala si kila mlima hauna malaria

Korogwe ni jina linalojulikana duniani katika utafiti wa malaria. Kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kilichopo hapa kilikuwa miongoni mwa vituo 11 barani Afrika vilivyofanya majaribio makubwa ya chanjo ya RTS,S, yaliyoanza 2009. Tafiti za eneo hili zimeonyesha jambo ambalo wazee walilijua: malaria ni nyingi bondeni na hupungua kadiri unavyopanda.

Hilo lina pande mbili. Upande mmoja, mtu wa mlimani anayetetemeka na kukohoa asimeze dawa ya malaria kwa mazoea. Apimwe, huenda ni nimonia. Upande wa pili, mwili wake haujazoea malaria kama wa mtu wa bondeni. Akishuka mnadani au kwa ndugu akalala bila chandarua, anaweza kuugua vibaya zaidi. Ukipata homa wiki chache baada ya kurudi kutoka bondeni, mweleze mhudumu kwamba ulishuka.

Joto la nyumba lisituue

Baridi hutufanya tufunge dirisha na kuingiza jiko ndani. Jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Watu hulala, hawaamki. Ota moto, kisha toa jiko nje kabla ya kulala. Hata pale moshi usipoua usiku ule, humdhuru mtoto polepole: mtoto anayebebwa mgongoni karibu na mafiga kila siku hupata nimonia kwa urahisi zaidi.

Joto salama kwa kichanga ni mwili wa mama. Mtoto akizaliwa akaushwe mara moja, avishwe kofia, alazwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, na asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita. Aliyezaliwa njiti abebwe hivyo kutwa, na baba naye anaweza kupokezana na mama.

Watu wazima nao wana yao. Mwenye selimundu avae nguo za joto na anywe maji ya kutosha hata kama hana kiu, kwani baridi huamsha maumivu. Mwenye pumu asiache dawa yake ya kuvuta. Mwenye shinikizo la damu, kisukari au anayetumia ARV asisubiri kidonge cha mwisho. Omba dawa za kukutosha kabla mvua hazijachachamaa.

Kumsafirisha mgonjwa kwenye utelezi

Bodaboda ndiyo gari la wagonjwa la milima yetu, tupende tusipende. Basi tulitumie kwa akili. Abiria awe mmoja na mtoto wake, si mishikaki. Mbebe mtoto kifuani, si mgongoni ambako humwoni, na mfunike bila kumziba pua. Kofia ngumu ivaliwe. Penye mteremko mkali uliolowa, shuka utembee. Dakika tano za kutembea ni nafuu kuliko kuvunjika mguu ukiwa na mgonjwa mkononi.

Mtu anayehema kwa shida asilazwe chali kwenye machela. Mkalishe au mwegemeze. Aliyepoteza fahamu mlaze ubavu ili asipaliwe. Mtoto anayeweza kunyonya aendelee kunyonyeshwa njiani.

Kwa mama mjamzito, mpango uanze kabla ya uchungu. Kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua kunaweza kuua ndani ya saa 2, na kuna vijiji ambavyo wakati wa mvua saa 2 hazitoshi hata kufika lami. Mwenye kovu la upasuaji, mapacha, au aliyewahi kutoka damu nyingi ashuke wiki mbili tatu kabla ya tarehe, akae kwa ndugu karibu na hospitali. Dharura ikitokea, piga 115. Ni namba ya bure ya mfumo wa M-Mama unaowasafirisha wajawazito, waliojifungua na vichanga, na hutumia pia madereva wa kijamii pale gari la wagonjwa linapokuwa mbali. Andika namba hiyo ukutani, kwa sababu usiku wa hofu hakuna anayekumbuka.

Mtaro nao ni dawa

Nisiwaachie wazazi mzigo wote. Mvua za Oktoba 2019 zilipokata mawasiliano kati ya Handeni na Korogwe, kila mtu aliona kwamba daraja likiondoka, hospitali nayo imeondoka. Huko mlimani jambo hilo hutokea kimyakimya, bila kamera, kila kifusi kinapoziba njia ya kijiji kimoja.

TARURA ndiyo yenye dhamana ya barabara za vijijini, na bajeti haitoshi kila kona. Basi pafanyike uchaguzi. Tunapendekeza kwamba njia inayotoka kwenye zahanati kwenda barabara kuu iwe ya kwanza kuzibuliwa mitaro na kumwagiwa changarawe, na kazi hiyo ifanyike Februari na Septemba, kabla ya masika na vuli, si baada ya gari kunasa. Mganga mfawidhi wa zahanati aitwe kwenye kikao kinachopanga barabara, maana yeye ndiye ajuaye ni kona ipi wagonjwa hukwama.

Nasi tunao msaragambo. Wazee wetu walichimba mifereji na kutengeneza njia kwa mikono, na siku moja ya majembe kwa mwezi inaweza kuokoa mtaro mzima. Vikoba vyetu vinaweza kutenga kiasi kidogo cha nauli ya dharura, ili mama asiamke usiku kuanza kukopa. Kila kitongoji kiwe na machela moja inayojulikana iko kwa nani, na namba za madereva watatu waliokubali kuamshwa usiku.

Mzazi, jioni ya leo fanya mambo matatu. Tazama kadi ya chanjo. Jifunze kuhesabu pumzi za mwanao akiwa mzima, ili ujue za kawaida zikoje. Kisha mzungumze na mwenzako, na bibi pia awepo: mtoto akihema haraka, nani atabaki na wengine, nani atakwenda naye, na kwa usafiri gani. Uamuzi ukishafanywa mchana wenye jua, usiku wa ukungu hakuna atakayesema "tusubiri kesho".